Mwili Nao Una Neno

Mtu akisema amechoka na unga, jamaa zake kwanza huuliza habari ya nia: kweli ameazimia kuacha? Ni swali la haki kwa watu waliolelewa katika kuamini toba. Lakini liko jingine ambalo nia, hata iwe safi namna gani, haiwezi kulijibu: mwili aliokuja nao utahimili njia ipi ya kuacha?

Zanzibar njia si moja. Ziko nyumba za upataji nafuu, maarufu kwa jina la soba hausi, ambamo mraibu hukaa na wenzake bila ya kugusa unga. Iko na tiba ya methadoni, iliyoanza Kidongo Chekundu mwaka 2015, ambayo mgonjwa huinywa kwa kipimo na kurudi kwao. Na wapo wanaostahili kulazwa hospitali kabla ya yote hayo.

Wapo wanaoibeza methadoni kuwa ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, na kwamba mwanamume wa kweli huacha kavu. Maneno hayo husemwa kwa wepisi na mwenye mapafu mazima. Arosto ni kutapika, kuharisha na kukesha. Kijana mwenye afya aghalabu huivuka, bali aliyekondeshwa na kifua kikuu na kukaukiwa na maji mwilini huenda asiivuke. Pombe ni jambo jingine kabisa: mnywaji sugu akikatishwa ghafla aweza kupata kifafa, akaweweseka, hata akafa. Na pombe ndiyo yenye leseni! Sheria na mwili havipimi hatari kwa mizani moja.

Mja mzito ndiye anayelitia swali hili uzito. Jamaa humtaka awe safi kabla ya kujifungua, nao humtakia kheri. Hata hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unashauri aliyezoea unga apewe methadoni au dawa ya namna yake, asishurutishwe kuacha ghafla, maana arosto yaweza kumdhuru yeye na aliyemo tumboni. Usafi unaodaiwa hapo ni kwa faida ya nani?

Lakini dhuluma iliyo kubwa zaidi ni ya kutosadikiwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huliharakisha ini kuivunja methadoni, hata kipimo kilichotosha mwezi uliopita kikawa hakitoshi. Mgonjwa akilalamika kuwa arosto imemrudia, huambiwa ana tamaa, kwani ulimi wa teja haubebi ushahidi. Kumbe mwili wake unasema kweli tupu, na tabibu anayeujua mwili humwongezea kipimo badala ya kumfukuza.

Afya njema nayo ina mtego wake. Mwana hurudi kutoka soba hausi mashavu yamejaa, mama akafurahi, majirani wakasema amepona na hahitaji tena kuangaliwa. Hawaoni kuwa mwili ule umekwisha kusahau unga: kiasi alichokuwa akikitumia kila siku kabla hajaingia, akikirudia mara moja tu, chaweza kumuua usiku huohuo.