Nyuma ya Peugeot 504
Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally. Wakenya wengi, hata hivyo, wanaikumbuka steshenwagoni yake kama teksi ya safari ndefu, abiria wamebanana ndani na mizigo juu ya keria. Steshenwagoni hiyo ilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande.

Anayeifufua leo katika gereji ya nyumbani huanza na stendi imara. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Springi iliyobanwa inaweza kuvunja mkono, kwa hiyo hulegezwa taratibu. Bolti zilizoshikwa na kutu hulowekwa mafuta usiku kucha.

Utamu uko kwenye bushi mpya za mpira.

Wengi hukaza bolti zake gari likiwa bado juu, magurudumu yakining'inia. Likishushwa, mpira wa bushi hujisokota, na haukawii kuchanika. Fundi makini huacha nati zikiwa na ulegevu, hulishusha gari likae kwenye matairi yake, hulitikisa kidogo, ndipo hujipenyeza chini na spana. Mwenye kitambi atasumbuka kweli.