Deni kwa Kiumbe Aliyepokonywa Kinga

Maneno "maradhi nyemelezi" tumeyazoea tangu UKIMWI ulipobisha hodi majumbani mwetu. Ni maradhi ya vijidudu vinavyoishi na wenye afya bila ya kuwadhuru, vikawashambulia wale ambao ulinzi wa miili yao umeanguka. Wapo, hata hivyo, viumbe ambao unyonge huo haukuwafika kwa ajali: wanazalishwa nao kwa makusudi, kwa ajili yetu.

Panya uchi, asiye na manyoya wala tezi ya thaimasi inayokomaza seli za kinga, alielezwa kisayansi mwaka 1966. Mwaka 1969, nchini Denmark, Rygaard na Povlsen walimpandikiza saratani ya utumbo mpana ya binadamu, nayo ikakua. Tokea hapo mwili wake umekuwa shamba la kujaribia dawa. Lakini mwili usioweza kumkataa mgeni mmoja huwafungulia mlango wengine. Bakteria aitwaye Corynebacterium bovis, ambaye panya wenye kinga timamu kwa kawaida hambebi kwa mashaka, humtoa huyu magamba ya ngozi na kumdhoofisha. Husafiri kwa glavu, kwa vizimba na kwa magamba yenyewe. Na antibiotiki mara nyingi humtuliza pasi na kummaliza.

Atasema msemaji: panya ni panya, na mama anayeuguza saratani ni mama. Sibishani naye. Ila dharura huhalalisha kuchukua; haifuti deni la kilichochukuliwa. Aliyeibomoa ngome ya mwenziwe amejitwika kuwa mlinzi wake.

Maabara huchuja hewa na kutakasa chakula kwa mvuke. Je, ni kwa ajili ya panya, au kwa ajili ya matokeo, ambayo maradhi huyavuruga? Jawabu hudhihirika siku jaribio linapoharibika, na mgonjwa kizimbani hana tena faida kwa yeyote. Akiondolewa maumivu upesi, deni limekumbukwa. Akiachwa hadi Jumatatu, alikuwa chombo tu.

Russell na Burch waliwataka watafiti, mwaka 1959, watafute badala ya wanyama, wapunguze idadi yao na wapunguze mateso yao. Wahenga wetu walikwishaonya: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Utamu huo u mkononi mwa mwenye mkuki. Ubavuni, uchungu ni mmoja.