Kura katika Utafiti na Haki ya Aliyekosa

Jaribio la nasibu ni njia ya kutafuta ukweli kwa kupiga kura. Wagonjwa, shule au vijiji vinavyofanana hugawanywa makundi kwa bahati tupu. Kundi moja hupewa dawa, chanjo au fedha, na jingine hukosa au hupewa kitu tofauti. Baada ya muda makundi hulinganishwa. Kwa kuwa hakuna mtu aliyechagua nani aangukie wapi, tofauti inayojitokeza mwishoni haiwezi kusingiziwa utajiri, elimu au nguvu za mwili za waliopewa. Matokeo mengi yanayotangazwa siku hizi katika afya na uchumi hupatikana kwa njia hii, na baadhi yake yametoka Kenya, Tanzania na Uganda. Njia hiyo inazua swali zito la kimaadili: ni halali kuiachia bahati hatima ya mtoto mgonjwa au kaya maskini, ilhali anayepiga kura ana dawa au fedha mkononi?

Dini zimekwishalitafakari suala la kura kwa karne nyingi. Katika Biblia, ardhi ya Kanaani iligawiwa makabila kwa kura, na Mathiya aliongezwa kwa kura katika idadi ya mitume. Qurani inasimulia jinsi kalamu zilivyotupwa ili ajulikane atakayemlea Maryamu, na inasimulia pia habari ya Nabii Yunus, aliyeangukiwa na kura akatoswa baharini. Mtume Muhammad, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, alikuwa akiwapigia kura wakeze alipotaka kusafiri. Hata hivyo, Qurani hiyohiyo inaharamisha kupiga ramli kwa mishale. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliandika kijitabu kizima kutenganisha kura ya kugawia vitu na kura ya kubashiria yajayo. Ibn al-Qayyim naye, karne moja baadaye, aliitetea kura kama njia ya kuamua pale ambapo haki za watu zimelingana na hakuna ushahidi wa kumpambanua mmoja na mwingine. Kiini cha mafundisho hayo ni sharti moja: kura inafaa pale tu sababu nyingine zote zimekwisha. Penye sababu ya kumpa huyu kabla ya yule, kupiga kura ni kukwepa wajibu wa kuamua.

Jaribio la kwanza la tiba kujulikana sana kwa kutumia kura lilikaribia kutimiza sharti hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza haikuwa na dola za kutosha kununua streptomaisini, dawa mpya ya kifua kikuu iliyogunduliwa Marekani. Mtakwimu Austin Bradford Hill aliona kwamba, maadamu dawa haiwatoshi wote, kuigawa kwa bahasha zilizofungwa si dhuluma kuliko kuigawa kwa kujuana. Wagonjwa 55 walipewa dawa, na 52 wakabaki na matibabu ya kawaida ya enzi hiyo, yaani kupumzika kitandani. Miezi sita baadaye walikuwa wamefariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948. Uhaba ulimpa Hill hoja ya haki, ingawa waliowekwa upande wa kitanda hawakuambiwa kamwe kwamba wako ndani ya utafiti.

Uhaba, lakini, hauelezi majaribio mengi yaliyofuata, ambamo dawa ilikuwepo ya kuwatosha wote. Hapo hoja ya pili ndiyo inayobeba mzigo: kutojua. Benjamin Freedman, mwanafalsafa wa maadili ya tiba, aliipa hoja hiyo sura yake maarufu mwaka 1987. Alisema kura ni halali iwapo wataalamu, kwa ujumla wao, wamegawanyika kwa dhati kuhusu kipi bora. Daktari mmoja anaweza kuwa na imani yake. Kinachotazamwa ni hali ya elimu ya jamii nzima ya madaktari. Maadamu elimu hiyo haijatulia, hakuna mgonjwa anayenyimwa kitu kinachojulikana kuwa bora, kwa sababu hakuna anayekijua.

Hakuna tukio linaloipima hoja hii kwa ukali kuliko utafiti ulioitwa FEAST, uliofanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule iliyoko Muheza nchini Tanzania, na nne nchini Uganda, zikiwemo Mulago na Mbale. Watoto walioletwa wakiwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri walikuwa, kwa mujibu wa miongozo ya nchi tajiri, wanastahili kupewa dripu ya kasi, maji mengi kwa muda mfupi. Katika hospitali nyingi za Afrika jambo hilo halikuwa likifanyika, na wengi waliona ni pengo la umaskini linalopaswa kuzibwa. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland waliwagawa watoto 3,141 kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalipewa dripu ya kasi, moja ya maji ya chumvi na jingine ya albumini. Kundi la tatu lilipewa antibiotiki, dawa za malaria, oksijeni na maji ya kawaida kadiri ya haja, bila dripu ya kasi. Watoto wenye utapiamlo mkali na wenye kuharisha hawakuingizwa.

Mtu yeyote mwenye huruma angesema kundi la tatu limeonewa. Mwanzoni mwa 2011 kamati huru ya kufuatilia usalama iliagiza uandikishaji usimamishwe. Ndani ya saa 48, watoto waliofariki walikuwa 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini, 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa dripu ya kasi. Kwa kila watoto 100, huduma iliyodhaniwa kuwa wema iliongeza vifo karibu vitatu. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba ongezeko hilo lilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kuliko na maji kujaa mapafuni, jambo ambalo daktari aliyesimama kando ya kitanda kimoja asingeweza kulitambua. Mtoto mmoja akifa, yeye angeona ugonjwa umeshinda. Akipona, angeshukuru dripu.

Funzo la FEAST kwa falsafa ni la kutisha, na halipaswi kulainishwa. Huruma isiyopimwa inaweza kuua kwa miaka mingi bila mtu kujua. Anayekataa kura kwa jina la utu ana wajibu wa kueleza watoto ambao wangeendelea kupewa dripu ile wangelindwa na nani. Wakati huohuo, wazazi wa watoto 221 waliofariki katika makundi mawili ya kwanza hawawezi kuambiwa kwamba vifo vya watoto wao ni gharama ya elimu. Immanuel Kant alikataza kumtumia mtu kama chombo tu cha kufikia lengo. Dini zinasema mtoto ni amana. Kinachowaokoa watafiti na lawama hiyo ni kwamba hakuna aliyewapeleka watoto hao kwenye hatari inayojulikana ili wengine wanufaike. Walipewa kile ambacho elimu ya siku ile ilikiona bora zaidi. Kosa lilikuwa ndani ya elimu yenyewe, na kura ndiyo iliyolifichua.

Ikiwa kutojua ndiko kunakohalalisha kura, basi lazima iulizwe: kutojua kwa nani? Mwaka 1994 ilithibitishwa Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya AZT ikitolewa kwa mjamzito na mtoto wake hupunguza maambukizi ya VVU kutoka takriban asilimia 25 hadi 8. Lakini tiba ile kamili iligharimu takriban dola 800 na ilihitaji sindano wakati wa uchungu. Majaribio yakaanzishwa katika nchi maskini, Afrika na Thailand, kupima dozi fupi na nafuu zaidi, na mengi yaliilinganisha na dawa bandia. Mwaka 1997 wakosoaji nchini Marekani walikuja juu, wakaleta mfano wa Tuskegee, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972. Watetezi walijibu kwamba wanawake wale hawakunyimwa kitu ambacho wangekipata kwingine. Daktari Edward Mbidde wa Uganda aliandika kwamba tafiti za nchini mwake ni za Wauganda, zinafanywa na Wauganda kwa ajili ya watu wao, akipinga watu wa mbali kuzisemea. Mwanzoni mwa 1998 matokeo ya Thailand yalionyesha kwamba dozi fupi inapunguza maambukizi kwa nusu, na dawa bandia ikaachwa.

Pande zote mbili zilikuwa na ukweli, lakini si kwa uzito sawa. Mbidde alikuwa sahihi kuhusu nani mwenye kauli. Wakosoaji walikuwa sahihi kuhusu jambo zito zaidi: kwamba AZT inasaidia lilikuwa limeshajulikana. Kilichokuwa hakijulikani ni bei ambayo ulimwengu ungekubali kulipa. Kutokuwa na fedha si kutojua, na kura iliyojengwa juu ya umaskini wa mtu hutumia dhuluma iliyokwisha kutendeka kama ardhi ya kusimamia.

Wanauchumi walipoichukua njia hii, swali lilihamia kwenye fedha. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1998, shule 75 zilipangwa katika makundi matatu yaliyopewa dawa za minyoo kwa zamu, kundi moja baada ya jingine. Ufuatiliaji wa miaka 20, uliochapishwa 2021, ulikuta kwamba waliotangulia kupata dawa walikuwa na matumizi makubwa zaidi kwa asilimia 14 kuliko wenzao, ingawa wapo wataalamu waliobishana vikali kuhusu matokeo ya awali. Michael Kremer, mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Katika Kaunti ya Siaya, zaidi ya kaya 10,500 zilipewa karibu dola 1,000 kila moja, vijiji vikiwa vimechaguliwa kwa kura kati ya 653. Utafiti uliotolewa 2025 ulikuta vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja katika kaya zilizopewa vilipungua kwa karibu nusu.

Zamu ya Busia ni mpango wa haki kuliko mingi, kwa sababu foleni ilipangwa kuifikia kila shule. Kura ya Nairobi ilikuwa jambo jingine. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulieleza jinsi, katika mtaa wa Kayole-Soweto, nyumba zenye madeni ya maji zilivyochaguliwa kwa nasibu ili zikatiwe huduma, kuona kama wenye nyumba watalipa. Walipoulizwa, watafiti walisema kampuni ya maji ingekata huduma hata bila utafiti. Utetezi huo hautoshi. Wapangaji, ambao hawakuwa wadaiwa, ndio waliokosa maji, na madhara ya kukosa maji hayakuwa fumbo la kusubiri takwimu. Safari hii kura iligawa adhabu, na sharti la wanazuoni wa kale lilivunjwa, kwa kuwa sababu ya kumwepusha mpangaji ilikuwepo wazi.

Ridhaa, iliyowekwa mbele na Azimio la Helsinki la 1964, husaidia kiasi. Mama aliyefika Kilifi na mtoto aliyezimia hakuwa na nafasi ya kusoma karatasi. Kamati za maadili ziliruhusu akubali kwa mdomo kwanza na kutia saini baadaye. Mkulima anayeambiwa kaya yake inaweza kupata dola 1,000 hana sababu ya kukataa. Kwa hiyo ridhaa ya maskini ni ya kweli lakini ni nyembamba, na haiwezi kumpunguzia mtafiti wajibu wake.

Wajibu huo huwa mkubwa zaidi siku jibu linapopatikana, maana kutojua kulikoihalalisha kura kumekwisha. Aliyekosa anakuwa mdai. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya lenakapavia, sindano ya kuzuia VVU iliyopimwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, wengine wakipewa vidonge vya kinga. Kati ya 2,134 waliopewa hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Jaribio lilikatizwa mapema, na walioangukia kwenye vidonge wakapewa fursa ya kuhamia kwenye sindano.

Deni la chanjo ya malaria lilikuwa gumu zaidi kulipa. Kati ya 2009 na 2014 watoto 15,459 walishiriki katika jaribio la chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, katika nchi saba, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zikiwa miongoni mwa vituo. Wale wa kundi la kulinganishia hawakuachwa mikono mitupu: wakubwa walichanjwa kichaa cha mbwa, na wachanga aina moja ya homa ya uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, watoto hao walikuwa wamevuka umri wa kuchanjwa. Maeneo ya Kenya, Ghana na Malawi yaliyotengwa kwa kura kama ya kulinganishia katika majaribio ya baadaye ya kuitoa chanjo hiyo yalianza kuipata baada ya pendekezo hilo, kwa ajili ya watoto waliozaliwa nyuma yao.