Sasa Nionyeshe

Binti mmoja wa hapa Makutano anasomea fiziotherapia. Aliniambia kazi ngumu si kunyoosha viungo, ni kumfundisha mgonjwa. Nyanya aliyepata kiharusi anaelezwa: fimbo ishikwe na mkono mzima, ukipanda ngazi, mguu mzima utangulie, ukishuka, ule dhaifu. Anajibu, "Sawa," kisha anaanguka nyumbani. Kwa hivyo mwanafunzi hueleza pole pole kwa Kimeru, halafu humwambia, "Sasa nionyeshe."

Katika Yohana 13, Yesu aliwaosha wanafunzi miguu, akawauliza kama wameelewa, akawaagiza wafanyiane hivyo hivyo.

Mimi nilisomea biashara: mzigo kutoka stoo si kumfikia mteja. Na "Amina" ya Jumapili ni "sawa" tu. Wiki hii, mtumikie yule mliyekosana naye.