Ukweli wa Saa ya Mkono

Mpenda saa akaaye Katubuka hukaza kamani ya saa yake kila asubuhi, huifuta jasho na kuikinga na maji ya ziwa, kisha huisifu kwamba haisemi uongo. Jua halikubali. Majira ya Tanzania hufuata nyuzi 45 mashariki ya Greenwich, na Kigoma haifiki hata nyuzi 30. Basi akrabu zikutanapo saa sita mchana, jua lingali nyuma ya kilele chake kwa saa nzima hivi. Je, saa ni mwongo? La, haishuhudii jua, hushuhudia mapatano ya watu. Mwenye saa ya thamani avunjaye miadi, nao ni wengi, amevaa bangili tu. Abiria avukaye kwenda Kalemie huzirudisha akrabu nyuma saa moja, wala haoni haya.