Kasula Maana Yake Nyumba

Twasikia Wakristo wengi wakiiita kasula "nguo ya padre", basi. Si kosa kubwa. Lakini katika Kilatini neno hilo maana yake ni nyumba ndogo. Zamani vazi hilo lilimfunika mtu mwili mzima, likiwa na tundu moja tu la kupitisha kichwa. Wazee wa Kashozi, walikofika Mapadre Weupe mwaka 1892, hawahitaji maelezo marefu: waujua msonge wa Kihaya, ulioezekwa nyasi toka kileleni hadi chini. Aliyemo ndani haonekani.

Basi, wazazi wapenzi, mwanenu anapovikwa kasula siku ya upadrisho, hakujengewa nyumba ya kujionyesha. Ameingia ndani, ili aonekane Kristo. Kwa hiyo twasikitika jamaa wanapokopa fedha ili kasula ya mtoto wao iwapite wenziwe kwa nakshi za dhahabu, na huku kigangoni kwao ipo kasula moja tu, nyeupe, iliyochakaa, inayovaliwa hata siku za Kwaresima. Heri washone ya kadiri kwa ajili ya mwana, na ya zambarau kwa ajili ya kigango. Fundi ni yule yule.