Nani Alilipa Bei ya Usalama?

Panapotokea msiba wa jumla, watu hupenda kusema kwamba wote wamepatwa na jambo moja. Maneno hayo yana faraja, kwa kuwa mwanadamu hapendi kuteseka peke yake. Lakini je, ni ya kweli? Ningependa msomaji kijana alitafakari swali hili pamoja nami, kwa kuyaangalia mambo yaliyotokea katika mji wetu wa Eldoret, ambao wengi bado huuita Sisibo, wakati maradhi ya korona yalipoingia Kenya.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali iliamuru shule zifungwe, na tangu tarehe 27 ya mwezi huo haikuwa ruhusa mtu kutembea nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Katazo hilo la usiku, ingawa saa zake zilibadilishwa mara kwa mara, halikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Matatu ya abiria kumi na wanne ilitakiwa kuchukua wanane tu.

Sisemi kwamba amri hizo zilikuwa mbaya. Maiti hafanyi biashara wala haendi shule. Mwaka 1918 homa ya mafua iliingia kwa bandari ya Mombasa, ikapanda bara kwa njia ya reli, ikaua maelfu kwa maelfu ya watu katika nchi hii. Basi siulizi kama ilitupasa kujikinga. Nauliza ni nani aliyetoa fedha ya kuinunua kinga hiyo.

Wahesabu wa serikali walipojumlisha pato la taifa la mwaka 2020, waliona limepungua kwa asilimia 0.3. Mtu akiisoma tarakimu hiyo atadhani kwamba taifa lilipata mkwaruzo mdogo tu. Lakini mwaka huo huo kilimo kilikua, kwani mahindi ya Uasin Gishu hayakuwa na habari ya korona. Mvua ilinyesha nayo yakaota. Hoteli na nyumba za vyakula, kwa upande wao, zilipoteza karibu nusu ya pato lao. Ukikijumlisha kikapu kilichojaa na kikapu kitupu, kisha ukagawa kwa mbili, hesabu itakwambia kwamba kila mtu ana nusu kikapu. Mwenye kikapu kitupu hawezi kuila hesabu hiyo.

Alikuwako mama aliyechoma mahindi kando ya barabara, na wateja wake walikuwa watu watokao kazini magharibi. Saa alizokatazwa kutoka ndizo saa zilizomlisha. Walikuwako wakimbiaji wa nyanda zetu. Mbio za Boston, ambazo zilianza mwaka 1897, ziliahirishwa kisha zikafutwa, na nyingine nyingi vilevile. Mkimbiaji mashuhuri alikuwa na akiba. Lakini mpishi wa kambi, mkandaji wa misuli na kijana aliyekuwa akitarajia mbio zake za kwanza ng'ambo hawakuwa na kitu.

Mfano unaonisumbua zaidi u karibu nami. Shuleni kwetu nilikuwa na mwenzangu aliyefundisha hisabati. Nilipotoka darasani mimi, aliingia yeye, na wanafunzi hawakujua tofauti yetu. Tofauti ilikuwa hii: mimi nililipwa na serikali, na yeye aliajiriwa na bodi ya shule, ambayo humlipa mwalimu kwa karo za wazazi. Shule ilipofungwa karo zilikauka, na ujira wake ukakoma. Mwezi wa Juni nilimkuta Langas akisukuma mkokoteni wa sukuma wiki. Nilichukua fungu la shilingi ishirini, nikampa noti ya hamsini, nikamwambia asihangaike na chenji. Alinitazama, akahesabu shilingi thelathini, akaniwekea mkononi. "Mwalimu," akasema, "mboga ni za ishirini."

Nilikwenda nyumbani nikiona haya, na kwa muda nilijitetea nafsini mwangu. Nilisema kwamba mshahara wangu si dhambi, na kwamba bahati haigawanywi kwa mizani. Utetezi huo haukunituliza. Maana fikiri, msomaji: katika miezi ile kazi tuliyopewa na taifa ilikuwa moja, nayo ni kukaa mbali na watu. Yeye kwa kutokuja shuleni alinikinga mimi na wazazi wangu, kama nami nilivyomkinga yeye na wake. Kazi moja, mji mmoja, siku zile zile. Mimi nililipwa, yeye hakulipwa. Nilichotaka kumpa kama sadaka kilikuwa sehemu ndogo sana ya alichonidai, na nadhani ndiyo sababu alikikataa.

Atasema mtu kwamba dola haikukaa bure. Ni kweli. Kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mishahara ikapunguzwa, hata mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa yote. Mwezi wa Mei Rais alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 za kuuinua uchumi. Lakini nafuu ya kodi humfikia anunuaye na apokeaye mshahara. Hivyo mimi, ambaye sikupungukiwa na senti, niliongezewa. Na mwenzangu, aliyepungukiwa na zote, hakuwa na mshahara wa kupunguziwa kodi.

Shule zote zilipofunguliwa Januari 2021 alirudi darasani, nasi tukaendelea kupokezana chaki kama zamani. Sijapata kumwuliza miezi ile aliimaliza vipi. Yeye naye hajapata kuniuliza ile kodi niliyosamehewa niliitumia kwa nini.